Nairobi hadi New York: tiketi inaonyesha saa 7, mama atakaa angani saa ngapi?

Swali: “Dada yangu anaishi New York na amejifungua. Mama yetu, mwenye miaka 68, anataka kwenda kumwona mjukuu mwezi Januari. Anaishi Nyahururu, hajawahi kupanda ndege, na anameza dawa ya presha kila siku saa mbili asubuhi. Nina tiketi mbili mbele yangu. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: inatoka Nairobi Ijumaa 23:30, inafika 06:30, kurudi inatoka 12:30, inafika 10:30 kesho yake. Ya pili inapitia Doha na ni nafuu kwa shilingi 38,000: inatoka Nairobi Jumamosi 01:40, inafika Doha 06:50, inaondoka tena 08:30 na kufika New York 14:45 Jumamosi hiyohiyo. Nikipiga hesabu, ya moja kwa moja ni saa 7 kwenda na saa 22 kurudi. Lakini kwenye intaneti nimeona umbali ni kilomita 11,840 na ndege hukimbia kilomita 900 kwa saa, hivyo iwe saa 13. Kaka yangu naye anasema kwenda lazima kuwe haraka kuliko kurudi kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, New York inamjia. Nani amepata? Na je, si afadhali mama apumzike Doha kuliko kukaa juu muda wote huo kwenye hewa nyepesi, na presha yake?”

Ndugu msomaji, hongereni kwa mtoto. Umefanya vyema kupiga hesabu kabla ya kulipa. Majibu yote matatu mliyopata hayako sawa, ila kila moja limekosea kwa sababu yake, na ukizielewa sababu hizo utaweza kusoma tiketi yoyote ya mbali bila kubabaika. Jibu fupi ni hili: kwenda moja kwa moja ni saa 15, kurudi ni saa 14, na kupitia Doha ni saa 21 na dakika 5.

Tuanze na saa za kwenye tiketi. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mahali ndege ilipo wakati huo. 23:30 ni saa ya Nairobi, na 06:30 ni saa ya New York. Ukitoa moja kwenye nyingine ni kama kupima kitambaa mwanzo kwa yadi na mwisho kwa mita, kisha ukashangaa gauni halitoshi. Januari, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kwa hiyo ndege ikigusa ardhi New York saa 06:30, kwenu Nyahururu ni 14:30, yaani saa nane na nusu mchana. Kutoka 23:30 hadi 14:30 ni saa 15. Kurudi vivyo hivyo: 12:30 ya New York ni 20:30 ya Nairobi, na kutoka hapo hadi 10:30 asubuhi ni saa 14. Doha haikusumbui kwenye hesabu hii, maana saa yake ni ileile ya Afrika Mashariki. Kinachogeuka ni kipande cha pili tu. 14:45 ya New York ni 22:45 ya Nairobi, na ukihesabu kutoka 01:40 unapata saa 21 na dakika 5.

Jambo moja la kuangalia endapo safari itasogezwa. Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika miezi hiyo ya katikati, tofauti na Nairobi ni saa 7. Sisi hatugusi saa zetu, kwa hiyo ndege ileile, kwa njia ileile, itaonekana kwenye karatasi kama imeongeza au kupunguza saa nzima.

Sasa kilomita 11,840. Takwimu hiyo ni sahihi, ila ni umbali wa mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, na mstari huo hauendi unapoudhania. Chukua tufe la shule na uzi wa cherehani. Bana ncha moja Nairobi, nyingine New York, kisha uvute hadi uzi ukaze. Utaona unaelekea kaskazini-magharibi: Uganda ya kaskazini, Sudan Kusini, Chad, Niger, jangwa la Algeria, Morocco, ndipo uingie Atlantiki na kuishukia New York kutokea upande wa mashariki. Kwenye ramani bapa ya ukutani, rula ingekupeleka kusini zaidi, na njia ile ni ndefu zaidi ingawa kwa macho inaonekana imenyooka.

Hata hivyo marubani hawafuati uzi ule kipimo kwa kipimo. Kuna njia za anga zilizopangwa, kuna mawingu ya radi ya kukwepa, na kuna nchi ambazo anga yake hufungwa. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, ndege nyingi zilizokuwa zikikatiza pale zililazimika kuizunguka. Kila mkunjo huongeza kilomita.

Na zile kilomita 900 kwa saa ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, wala si juu ya ardhi. Tofauti ya kwenda na kurudi inatokea hapo, na hapo ndipo kaka yako alipoteleza. Ni kweli dunia inazunguka kuelekea mashariki, lakini hewa inazunguka pamoja nayo, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Abiria akirusha chungwa juu ndani ya matatu linalokwenda kasi Naivasha, chungwa linamrudia mkononi. Haliendi kumgonga aliyekaa kiti cha nyuma. Kama kuinuka tu kungetosha dunia ije, helikopta ingesimama angani juu ya Nairobi na kusubiri Kampala ifike.

Kinachofanya kazi kweli ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege kubwa hupita, kuna mito ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi huzidi kilomita 150 kwa saa, na siku nyingine hupita 300. Huwa na nguvu zaidi majira ya baridi ya kaskazini, na Januari ndiyo katikati yake. Mmojawapo hukatiza juu ya Sahara ya kaskazini, palepale uzi wako ulipopita, na mwingine uko juu ya Atlantiki. Mama akienda, upepo unampiga usoni. Akirudi, unamsukuma mgongoni. Chukua wastani mdogo tu wa kilomita 50 kwa saa kwa njia nzima. Kwenda, 900 inakuwa 850, na kilomita 11,840 zinataka karibu saa 14. Kurudi, 900 inakuwa 950, na zinataka saa 12 na nusu. Ongeza mikunjo ya njia, kisha ongeza muda wa ardhini, kwa sababu muda wa kwenye tiketi huanza ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama getini upande wa pili. New York ndege zinaweza kupanga foleni dakika 20 au 30 kabla ya kuruka. Ndivyo saa 13 za intaneti zinavyogeuka kuwa 15 na 14. Ukiona siku moja ndege imefika dakika 40 kabla ya wakati, rubani hakuongeza mwendo. Upepo ulikuwa mpole.

Huenda unajiuliza mbona isiongeze mwendo. Ni mafuta: mwendo ukizidi, nayo huungua zaidi. Ndege aina ya Boeing 787-8, ambayo Kenya Airways ilianza nayo safari ya moja kwa moja ya New York tarehe 28 Oktoba 2018, matangi yake yanabeba takriban lita 126,000, uzito wa kama tani 100. Sehemu ya mafuta hayo inaungua kwa kubeba mafuta mengine tu. Juu ya hilo, uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kule juu ni nyepesi, hivyo mabawa na injini hazipati nguvu kama za uwanja wa pwani. Addis Ababa, iliyo juu zaidi, tatizo hili linaonekana waziwazi: kwa miaka, ndege za kutoka huko kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kujaza mafuta, ilhali kurudi zinakuja moja kwa moja. Hii ni sehemu ya sababu safari ndefu isiyokatizwa huwa na bei yake.

Nije kwenye swali lenyewe, la Doha. Wazo la kumpumzisha mama ni zuri, ila angalia mahali kisu kinapokata. Nairobi hadi Doha ni kilomita 3,350, saa 5 na dakika 10. Doha hadi New York ni kilomita 10,770, saa 14 na robo. Maana yake ni kwamba baada ya “kupumzika”, mama anaanza safari ambayo ni fupi kuliko ile ya moja kwa moja kwa dakika 45 tu. Amepelekwa mashariki kwanza, kisha anarudishwa magharibi, jumla kilomita 14,120. Na zile saa moja na dakika 40 za Doha si mapumziko. Ni kushuka, kupita ukaguzi, kutembea mwendo mrefu, kutafuta geti, na safari za kwenda Marekani huwa na ukaguzi wa ziada palepale getini. Geti hufungwa kabla ya saa ya kuondoka. Ndege ya kwanza ikichelewa Nairobi kwa saa moja, mama wa miaka 68 asiyejua uwanja ule anakimbizana na dakika.

Kama nia ni kuigawa safari, igawe katikati kweli. Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680, na Amsterdam hadi New York ni kama 5,850. Jumla ni 12,530, chini ya kilomita 700 zaidi ya njia fupi, na kila kipande ni kama saa 8 na nusu. Miji mingine ya Ulaya Magharibi inatoa mgawanyo unaokaribiana na huo. Tafuta mahali ambapo kusubiri ni kati ya saa 2 na nusu na saa 4: chini ya hapo ni presha ya bure, na zaidi ya hapo anachoka kwenye viti vya chuma. Kabla ya kulipa, uliza shirika kama pasipoti ya mama inahitaji visa ya kupita uwanja huo, kwa kuwa masharti hutofautiana kati ya uwanja na uwanja. Na hakikisha vipande vyote viko kwenye tiketi moja. Ukinunua viwili mbalimbali kwa sababu ya unafuu, cha kwanza kikichelewa, shirika la pili halidaiwi chochote, na mabegi huenda yakaishia njiani.

Kwa mama huyu, ningelipa zile shilingi 38,000 zaidi. Zinamwondolea saa 6 za safari na uwanja mmoja wa kigeni. Kama fedha hazipo kabisa, basi Ulaya kwa tiketi moja, na Doha iwe ya mwisho, tena yenye nafasi ya saa 3 katikati. Njia yoyote utakayochagua, liarifu shirika angalau saa 48 kabla kwamba mama anahitaji kiti cha magurudumu. Wenyewe huandika WCHR kwenye tiketi. Si lazima awe hawezi kutembea. Umbali wa viwanjani ni mrefu, na anayesukuma kiti anajua njia, foleni na geti. Kwa kawaida huduma hiyo hailipiwi. Kwa anayesafiri mara ya kwanza peke yake, hakuna ombi lenye faida kubwa kama hilo.

Kuhusu hewa nyepesi, nina habari njema. Ndani ya ndege hewa husukumwa ili ifanane na ya mlimani. Kwenye ndege nyingi za zamani inaweza kufika sawa na kimo cha mita 2,400. Kwenye 787, ambayo pia huitwa Dreamliner, haizidi kama mita 1,800. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300. Mama anaishi juu kuliko hewa atakayoivuta ndani ya Dreamliner. Kitakachomsumbua ni ukavu: midomo, macho na koo. Anywe maji kidogokidogo njia nzima, hata kama hana kiu.

Hatari inayostahili kuangaliwa iko kwenye miguu. Mtu akikaa zaidi ya saa 4 bila kusogea, damu kwenye mishipa ya vigimbi vya miguu inakwenda polepole na inaweza kuganda. Donge likichomoka na kufika mapafuni linaweza kuua. Kwa mtu mzima mwenye afya jambo hili si la kawaida, ila umri na urefu wa safari huongeza uwezekano. Mchukulie kiti cha pembeni mwa njia, jirani na choo; hasa kama dawa yake ni ile inayoongeza mkojo, maana wengi hujizuia kunywa maji wasimsumbue jirani. Kila nusu saa akiwa macho, avute vidole vya miguu juu kisha avisukume chini mara 20, hadi ahisi vigimbi vinakaza. Kila saa moja au mbili asimame, atembee hadi nyuma ya ndege na kurudi. Asipewe vidonge vya usingizi. Soksi za kubana zinazoishia chini ya goti husaidia kama zimempima vizuri. Zikijikunja nyuma ya goti zinageuka kamba. Aspirini isitumiwe kwa kubahatisha.

Hapa ndipo maandishi yangu yanapoishia na daktari anapoanza. Mpeleke mama kliniki wiki tatu au nne kabla ya safari, apimwe presha na aelezwe dawa. Ni lazima aonwe ana kwa ana ikiwa amewahi kuwa na mgando wa damu, amefanyiwa upasuaji karibuni, ana saratani, moyo dhaifu, au miguu inayovimba au yenye damu isiyofika vizuri, maana huyo wa mwisho soksi zenyewe zinaweza kumdhuru. Anayetumia insulini anahitaji mpango wa daktari wa saa kwa saa, asikisie.

Dawa ya presha haina ugumu mkubwa. Wakati wa safari afuate saa ya nyumbani. Saa mbili asubuhi ya Nyahururu itamkuta angani, saa 8 na nusu tangu kuondoka, na nje bado ni giza totoro. Asidanganywe na giza: kwa kuwa anakimbia kuelekea jua linakozama, usiku ulioanza Nairobi mwendo wa saa moja kasoro utaendelea kwa zaidi ya saa 20, na atatua New York jua halijachomoza. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Akifika, saa mbili asubuhi ya kwetu itakuwa saa sita usiku kule, kwa hiyo daktari amwambie tangu mapema ataisogeza vipi. Mwili wenyewe utachukua kama wiki kuzoea. Siku za mwanzo ataamka saa nane usiku akiwa na njaa ya chai ya saa nne. Mwambie dada yako asishtuke, na ampeleke mwangani alasiri. Akirudi nyumbani uchovu utazidi, kwa kuwa kuelekea mashariki mwili unalazimishwa kulala kabla haujawa tayari.

Dada yako ajue pia dalili hizi, kwa wiki kadhaa baada ya kufika: mguu mmoja kuvimba au kuuma kuliko mwingine, kukosa pumzi ghafla, kifua kuchoma akivuta hewa. Hapo asingoje kesho. Apige 911.

La mwisho ni tarehe, na limewakosesha wengi safari. Tiketi ya Doha inasema Jumamosi 01:40. Kiswahili chetu kina neno lake: usiku wa kuamkia Jumamosi, saa saba na dakika arobaini. Maana yake mama awe uwanjani Ijumaa kabla ya saa tano usiku. Ukimpeleka Jumamosi usiku, ndege itakuwa imeshafika New York au iko karibu kushuka. Ndiyo maana ningekushauri uchukue karatasi, umwandikie mama safari yake kwa saa anazozijua. Kwa ile ya moja kwa moja itakuwa hivi: Ijumaa saa nane mchana, kutoka nyumbani, maana ni mwendo wa saa nne hadi Nairobi na Ijumaa kuna msongamano. Saa mbili na nusu usiku, kuwa ndani ya uwanja. Saa tano na nusu usiku, ndege kuondoka. Jumamosi saa mbili asubuhi ya Nyahururu, dawa. Jumamosi saa nane na nusu mchana ya Nyahururu, ambayo New York ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kushuka. Chini yake andika jina la dada yako, namba yake ya simu na anwani ya nyumba, kwa herufi kubwa. Afisa wa uhamiaji ataiuliza. Na mkononi mwake, si ndani ya begi, awe na koti zito: nje kutakuwa na baridi ambayo hata Nyahururu haina.